Aproni Kwenye Msumari

Matsue, 2 Septemba 1974

Kwa binti Hisae Kasai, bweni la wanafunzi wasioona, Aomori

Mwanangu,

Kitabu chako cha magonjwa kimefika, kinene kama mto wa kulalia. Nimekipiga hesabu: kitatoka kurasa mia tano na arobaini za nukta nundu. Nitatoboa tatu kila siku na kukutumia fungu kila Jumamosi. Mwisho wa Februari utakuwa nacho chote, na mtihani wa mkoa ni katikati ya Machi.

Usiniombe nne. Kila mwanafunzi huniomba nne. Nimejitolea katika kazi hii miaka kumi na sita, na sijatoa nne hata siku ninapojisikia naweza kuruka ukuta. Ukurasa wa nne wa leo huula ukurasa wa kwanza wa kesho.

Naanza alfajiri kabla ya kuosha mchele. Aproni yangu hukaa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Ikiwa pale, mimi simo nyumbani. Simu ilie, jirani abishe hodi, mume wangu aulize soksi zake ziko wapi, sisikii. Nikiifunga kiunoni ndipo nimerudi. Mume wangu Kiichi alikuwa mwongoza ishara wa reli, na aproni hiyo anaiheshimu kama taa nyekundu. Ila hunicheka. Unajua kwamba kwenye kibao cha nukta tunatoboa mgongo wa karatasi, mkono ukitoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa msomaji aanzie kushoto. Basi yeye huniambia, "Japani nzima ni wewe tu unayekwenda mbele kinyumenyume."

Niandikie kwa nukta tu. Nazisoma kwa macho, usihangaike kutafuta mtu wa wino.

Tazu Inoshita


Aomori, 20 Oktoba 1974

Bi Tazu,

Mafungu sita yamefika. Nukta zako ni ndogo na zimesimama sawasawa kama punje za mtama. Fusa, ninayelala naye chumba kimoja, aligusa ukurasa mmoja tu akasema, "Huyu mama hana haraka na mtu." Sisi huku tunajua mkono wa kila mwandishi, kama nyinyi mnavyojua sura za watu.

Lakini mimi nina haraka. Nilipofuka nikiwa na miaka kumi na tisa, na sasa nina ishirini na nne. Nilijifunza nukta nikiwa mtu mzima, kwa hiyo ni kidole kimoja tu kinachosoma vizuri, cha shahada, mkono wa kushoto. Mwaka jana nilifeli mtihani. Nikifeli tena bweni litanitoa, nami nitarudi kwa kaka yangu. Huko wifi yangu hunisukumia bakuli na kupiga kelele, "Chakula hiki hapa!", kana kwamba na masikio yangu yamekufa. Nikipata leseni ya kukanda na kudunga sindano za tiba, nitapanga chumba changu na kula chakula changu. Njia ya tatu sina.

Nasoma saa nane kwa siku mpaka kidole kinaingia ganzi, na jioni sikumbuki kitu. Sura za moyo, mapafu, figo, tumbo, zote nimepita mara mbili. Wewe unawezaje, Bi Tazu? Na kweli, nne haziwezekani?

Hisae


Matsue, 6 Novemba 1974

Mwanangu,

Hapana.

Sasa nisikilize. Saa nane si kusoma, ni kugombana na kitabu. Soma saa mbili, asubuhi, kabla mtu hajakuomba kitu, na uanze na lile unalolichukia. Nalijua. Umenitajia sura zote isipokuwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Ukimaliza, funga kitabu umsimulie Fusa mnapokunja magodoro. Usichoweza kumsimulia, hujakisoma, hata ungekipapasa mara mia.

Na ukisimama, usisimame mwisho wa sura. Simama katikati ya sentensi. Mimi huiacha kalamu ya kutobolea imesimama kwenye tundu lake, neno limekatika. Kesho yake nikikaa sijiulizi nianzie wapi, mkono unajua wenyewe. Anayemaliza kila kitu jioni huamka hana pa kuanzia, atazunguka nyumbani mpaka saa nne akipanga vikombe.

Kidole hicho kitunze. Mkifanya mazoezi ya tiba ya kuchoma vidonge vya majani ya pakanga kwenye ngozi ya mgonjwa, shika moto kwa mkono wa kulia na wa kushoto uuweke mbali. Nimeona wanafunzi wakijiunguza kwa haraka, na kidole hakina duka.

Haba na haba hujaza kibaba. Kiichi anakohoa huko nje kwa makusudi, anataka supu yake. Aproni iko msumarini. Acha akohoe.

Tazu


Aomori, 22 Desemba 1974

Bi Tazu,

Nafuata yote. Saa mbili asubuhi, ubongo kwanza, nasimama katikati. Kidole ni kizima. Theluji imefika madirishani. Usiwe na wasiwasi nami hata kidogo.

Hisae


Matsue, 20 Januari 1975

Hisae,

Kazi inaendelea. Huku baridi. Wiki hii kurasa ni chache. Soma kwa bidii.

Tazu Inoshita


Aomori, 28 Januari 1975

Kwa yeyote uliye huko,

Kwanza niungame langu. Mwezi Desemba nilimdanganya Bi Tazu. Siku nne kabla ya barua ile nilikuwa nachoma pakanga kwa mkono wa kulia huku nasoma kwa wa kushoto, ili kuokoa muda. Nilikiunguza kidole. Kiliota lengelenge, kikachubuka, kikawa na ngozi ngumu kama ya kisigino. Wiki tano nimesoma kwa ukingo wa kidole na sikumwambia mtu ila Fusa.

Juzi likaja fungu lenu. Nikalifungua, nikaweka kidole, nukta zipo lakini neno hakuna. Hata moja. Nikajaribu mstari wa pili, ukurasa wa pili, na barua yenyewe, hola. Nikajua kidole kimekufa. Nilifunga nguo zangu kwenye kitambaa nikamwambia Fusa amwandikie kaka aje anichukue. Sijawahi kuogopa vile, hata siku nilipoambiwa habari za macho.

Fusa akauchukua ukurasa. Akaupapasa, halafu akacheka mpaka akapaliwa. "Mjinga wewe, hebu usome kama unavyoandika, siyo kama unavyosoma!"

Ukurasa umekwenda kinyume. Mtu ametoboa kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu wa wino. Kosa hilo hufanywa na mwanafunzi wa juma la kwanza. Mwenye miaka kumi na sita kwenye kibao halifanyi hata akiwa usingizini. Na nukta ni za nguvu mno, nyingine zimetoboka hadi upande wa pili.

Hizi si za Bi Tazu. Wewe ni nani, na yeye yuko wapi?

Hisae Kasai


Matsue, 3 Februari 1975

Kwa binti Hisae Kasai

(Bibi mlezi utakayemsomea barua hii ya wino: soma kila neno, usiruke.)

Mimi ni Kiichi Inoshita, mumewe Tazu. Barua yako imenichukua siku nzima kuisoma, nukta moja moja, kwa chati aliyoibandika juu ya sinki. Niwie radhi kwa kinyumenyume. Miaka kumi na sita nimemcheka kwa kwenda kinyumenyume, na ilipofika zamu yangu nikasahau.

Tarehe tisa Januari Tazu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu. Maneno yanamtoka machache, tena kwa kuyavuta. Amerudi nyumbani, amelala chumba cha mbele.

Kuna jambo sijamwambia mtu, na sijui kwa nini nakuambia wewe. Asubuhi ile alikuwa ndani kwenye kibao. Nilisikia kalamu ikigonga, kisha ikanyamaza. Nikatazama msumari. Aproni ilikuwepo. Miaka thelathini na nne sijapita taa nyekundu, binti. Nikasoma gazeti. Nikakohoa kidogo, nikajiambia bado hajarudi. Zilipita dakika ishirini ndipo nikafungua mlango. Alikuwa ameegemea meza, kalamu imesimama kwenye tundu lake, katikati ya neno. Hata hapo, kwa sekunde moja, nilidhani ameacha kazi kama anavyoacha siku zote.

Alipoweza kunyoosha mkono wa kushoto, cha kwanza alichoonyesha si maji, ni kitabu chako. Nikasema nitafanya mimi. Nilitia jina lake kwa kuwa niliogopa ukijua utaona haya kuendelea kuomba, naye angeumia. Nilikosea.

Zimebaki kurasa mia moja na arobaini. Mimi natoa moja kwa siku, kwa jasho. Hesabu haikubali. Niambie la kufanya.

Kiichi Inoshita


Aomori, 8 Februari 1975

Mzee Kiichi,

Mlezi alisoma kila neno, na mara mbili alilazimika kupenga kamasi.

Najua ninachokuomba, na nimekaa nacho siku mbili kabla ya kukiandika. Nitumie sura moja tu kati ya zilizobaki, ya kiharusi. Mwalimu Tsushima anasema haijawahi kukosekana kwenye mtihani. Ni kurasa ishirini na nne za nukta. Moja kwa siku, kabla ya kuosha mchele, na aproni iwe kwenye msumari. Ukianza kesho, fungu la mwisho litanifika kabla ya tarehe kumi na nne Machi. Kama huwezi, sema huwezi, sitakulaumu.

Kuhusu dakika ishirini nimemuuliza Mwalimu. Nilimwambia asinipe jibu la kufariji mtu, nataka la kweli. Amesema mshipa ukishapasuka umepasuka, na daktari wa mji wenu asingeweza kuushona hata angekuwa amekaa pale mezani. Ndivyo alivyosema, sikuongeza.

Mwambie Bi Tazu kuwa kidole kinarudi. Mwambie na kwamba nilimdanganya. Nataka ajue kutoka kwangu.

Hisae


Aomori, 4 Machi 1975

Mzee Kiichi,

Zimebaki siku kumi. Nukta zako siku hizi zinasomeka, hata Fusa anakusifu. Lakini kuna ukurasa haupo.

Ukurasa wa kumi na nane unaishia hivi: "Mgonjwa ambaye vidole vyake havijaanza kusogea katika majuma ya kwanza". Wa kumi na tisa unaanza kueleza jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Namba zimefuatana, kwa hiyo haukupotea posta. Uliuruka, halafu ukapanga namba ili nisijue.

Mgonjwa ambaye vidole vyake havijaanza kusogea, anakuwaje? Hilo ndilo watakaloniuliza. Ulimwandikia mlezi wetu asome kila neno, asiruke. Kumbe sheria ni ya mlezi tu!

Nikuambie kwa nini nina hasira. Macho yangu yalipoharibika, daktari alimwambia mama kwamba hayatarudi. Mama hakuniambia. Alinipaka dawa ya maji, akanipeleka hekaluni, akasema mwakani utaona maua ya micheri. Mwaka mzima nilikaa dirishani nikisubiri, sikujifunza nukta hata moja, kwa sababu anayesubiri macho hajifunzi vidole. Mwaka ule niliibiwa, na aliyeniibia ni mtu anipendaye. Nyinyi wenye macho mna tabia hiyo. Mkiona jambo baya mnatufunika shuka usoni, mnaita huruma.

Nitumie ukurasa. Na kama Bi Tazu hajaambiwa kilichomo, unamwibia na yeye.

Hisae Kasai


Matsue, 8 Machi 1975

Binti Hisae,

Ukurasa umo humu. Nimelipa basi hadi kituo cha reli ili uwahi treni ya barua ya saa tatu, kijana mmoja niliyemfundisha ishara ameahidi kuuweka juu ya mfuko.

Nilipoufikia siku ile kalamu ilikataa. Nilikaa mpaka mchele wa asubuhi ukawa wa mchana. Imeandikwa humo kwamba mkono wa namna hiyo mara nyingi haurudi kwenye kazi yake ya zamani, na kwamba anayetibu asiwape jamaa matumaini asiyonayo. Leo ni siku ya hamsini na nane. Vidole vya Tazu havijasogea. Ningetoboaje hayo kwa kalamu yake, juu ya meza yake? Nikaruka.

Barua yako iliponifika nilitaka kukujibu kwa ukali. Nilikuwa nimekwisha chukua kalamu. Ndipo Tazu akaita. Kila fungu kabla halijaondoka huwa namwekea kifuani alikague kwa macho, nilidhani ni kumliwaza tu. Nikaona ana nakala ya jaribio ya ukurasa wa kumi na nane mkononi, anapiga godoro kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa. Akavuta neno moja mpaka likatoka: "Ukurasa."

Alijua. Wiki nzima alijua, alikuwa ananingojea mimi nije mwenyewe. Nikaleta kitabu nikamsomea. Nilisoma kila neno, sikuruka. Nilipomaliza nililia, yeye hakulia. Alinitazama kama anavyonitazama nikiacha viatu katikati ya njia. Kisha akaonyesha kibao. Nikautoboa mbele yake, naye akipiga godoro kila nilipokosea, na nilikosea sana.

Umenikasirikia kwa haki. Nenda kafanye mtihani.

Kiichi Inoshita


Aomori, 2 Aprili 1975

Mzee Kiichi, Bi Tazu,

Nimefaulu! Namba yangu ilisomwa ya tano kutoka mwisho, na Fusa alinipiga mgongoni mpaka nikakosa pumzi. Yeye naye kafaulu.

Ukurasa ulifika tarehe kumi na mbili, siku mbili kabla. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa nao. Katika mtihani wa kujibu kwa mdomo wazee watatu walikaa mbele yangu, na mmoja akauliza: "Mgonjwa wa kiharusi, mwezi wa tatu, vidole havijasogea. Mumewe anakuuliza kama mkono utarudi. Utamjibu nini?"

Nilijibu yaliyomo kwenye ukurasa. Halafu nikaendelea bila kuulizwa. Nikasema, nitamwambia kweli siku hiyohiyo, mbele ya mgonjwa mwenyewe, kisha nitamuuliza mgonjwa anataka mkono wa kushoto ujifunze nini. Nikasema moyoni, Hisae, umeponzwa na mdomo wako, rudi kwa wifi yako. Kisha yule mzee akasema, "Endelea," na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nimepanga chumba karibu na soko la tufaha. Kesho naanza kazi. Kila asubuhi nitajizoeza saa mbili kabla ya kumfungulia mtu mlango, na nimepigilia msumari. Bi Tazu, nimesoma kurasa zako mia nne kwa kidole kimoja. Sijawahi kukuona wala kukusikia, na nakukumbuka kila siku.

Hisae


Matsue, 25 Mei 1975

Binti Hisae,

Hongera. Tazu alinitaka nimsomee barua yako mara tatu, na mara ya tatu aliniamuru nisome polepole pale penye wazee.

Karatasi iliyo humu ameitoboa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mstari mmoja kila asubuhi. Mimi nashika kibao kisiteleze. Aproni inakuwa msumarini, ila sheria imebadilika: naruhusiwa kukaa chumbani, siruhusiwi kusema. Mchele nauosha mimi, anasema nauosha vibaya.

Usidhani karatasi imekatika njiani. Nilitaka kulimalizia lile neno la mwisho, akanipiga kofi mkononi.

Kiichi


Mwanangu,
mkono wa kulia haurudi.
Nimeusikia ukurasa,
nimeukubali.
Wa kushoto ni mjinga
lakini mtii.
Msichana asiyeona wa mji wa Kochi ameniletea
kijitabu cha mapishi.
Nimemwambia, mstari mmoja
kwa siku. Ameniomba miwili.
Nimemjibu, ha